Beltane: Kupita Kati ya Mioto Miwili

Beltane huanza jua linapozama tarehe 30 Aprili na huendelea mpaka jioni ya tarehe 1 Mei. Kwa hesabu ya wafugaji wa kale wa Ireland, Uskoti na kisiwa cha Man, kama ilivyo katika hesabu ya Waswahili, usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana shughuli kubwa hufanyika usiku wa kuamkia Mei Mosi. Mwaka wao uligawanyika nusu mbili: Samhain, tarehe 1 Novemba, ilifungua nusu ya giza na baridi, na Beltane ikafungua nusu ya mwanga. Hawakungoja Juni. Kwao Mei ndio mwezi wa kwanza wa majira ya joto.

Mwongozo huu namwandikia mtu anayeishi huko: mwanafunzi aliyeko Edinburgh, muuguzi aliyeajiriwa Glasgow, familia iliyohamia Dublin. Huenda umealikwa na rafiki au jirani Mpagani, au wewe mwenyewe umeanza kuvutwa na njia hii ya kuhesabu mwaka kwa moto na majani. Katika sikukuu zote za kalenda hiyo, Beltane ndiyo ninayoipenda zaidi, na napenda ifanywe vizuri. Taji la maua na vazi la kijani vinaweza kuja baadaye. Kwanza uelewe sikukuu yenyewe inahusu nini.

Inahusu ng'ombe.

Mwanzoni mwa Mei majani mapya yalikuwa yameota vilimani, na mifugo iliyoshinda zizini kipindi chote cha baridi, imekonda mbavu nje, ilitolewa na kupelekwa malisho ya juu. Wanawake na vijana walifuatana nayo, wakakaa katika vibanda vya mawe na udongo mpaka joto lilipokwisha, wakikamua, wakisukasuka siagi na kugandisha jibini. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya nyumba nzima. Lakini siku ya kufungua zizi ilikuwa pia siku ya wasiwasi. Njiani kulikuwa na maradhi, mbwamwitu, wezi, jicho la hasidi, na wale viumbe wasioonekana wanaosemekana kukaa ndani ya vilima. Kwa hiyo mfugaji aliikinga mali yake kabla ya kuiachia. Kamusi ya zamani ya Kiairishi iitwayo Sanas Cormaic, ambayo kwa desturi huhusishwa na Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme wa Cashel aliyefariki mwaka 908, inaeleza kwamba madruidi, yaani makuhani wa kale, waliwasha mioto miwili, wakaisomea maneno mazito, kisha ng'ombe wakapitishwa katikati ili wasipatwe na maradhi ya mwaka ule.

Aliyekulia kwa wafugaji wa Longido au Kajiado, anayejua uzito wa kuhamisha kundi msimu unapogeuka, ataielewa Beltane upesi kuliko mtu aliyeyajua maziwa dukani tu. Basi, kabla hujanunua hata ukuni mmoja, jiulize: msimu huu mimi nafungulia zizi kitu gani? Huenda ni mtoto anayeanza kwenda shule peke yake, biashara inayofunguliwa, bustani, safari, au mwili unaotoka kwenye ugonjwa. Hicho ndicho utakachokipitisha kati ya mioto. Usipokuwa nacho, utabaki mtazamaji wa moto. Si vibaya, lakini sherehe itakuwa imekupita kando.

Jua pia kwamba Beltane ya leo ina matabaka mawili. Tabaka la juu ni la Wapagani wa sasa. Hilo lilipata umbo lake Uingereza katika miaka ya 1950, kwa watu kama Gerald Gardner na Ross Nichols, walioziunganisha sikukuu nane katika mduara mmoja wa mwaka. Katika tabaka hilo utasikia habari za ndoa ya Mungu na Mungu wa kike, za mapenzi na uzazi, na pengine utaona mlingoti wenye riboni unaochezewa ngoma, ambao umezoeleka katika vijiji vya Uingereza. Tabaka la chini ni yale yaliyofanywa na watu wa vijijini, Uskoti na Ireland, yakaandikwa na wageni na makasisi kabla hayajafifia: moto, mkate, maziwa, umande, matawi mlangoni. Yote mawili yanastahili heshima. Ukialikwa kwenye tambiko la tabaka la juu, mfuate mwenyeji wako. Ukiandaa yako mwenyewe, nakushauri uanzie chini, kwa mambo yanayofanyika kwa mikono na kumfaa hata mtu asiye na kundi wala kuhani.

Moto ndio kiini, na una masharti yake. Sharti la kwanza ni kuzima. Kabla ya moto wa Beltane kuwashwa, mioto yote ya nyumbani ilizimwa, kila jiko likawa baridi, na katika sehemu za Uskoti moto mpya ulipatikana kwa kupekecha kijiti juu ya mti, bila kuazima cheche kutoka moto wa zamani. Kisha kila nyumba ilichukua kaa kutoka moto ule mmoja na kuwashia jiko lake. Naona hapo ndipo uzuri wote ulipo. Kijiji kizima kinakubali kukaa gizani kwa muda, kisha kinaanza mwaka kwa moto wa pamoja. Anayeijua Mwaka Kogwa ya Makunduchi, pale kibanda cha makuti kinapochomwa ili mwaka mpya uingie, hatashangaa kwamba watu wa mbali sana na Unguja nao walimkabidhi moto kazi ya kufungua mwaka.

Nawe fanya hivyo. Jua likishazama (Edinburgh ni kama saa tatu kasoro dakika kumi usiku siku hiyo) zima taa zote, televisheni na simu. Kaeni gizani dakika chache bila kusemezana. Watoto watacheka mwanzoni, kisha watatulia wenyewe. Kupekecha moto ni ufundi wa kufundishwa na kujizoeza, kwa hiyo kama huujui tumia kiberiti, ila moto uwe mpya kweli, usiwe umetoka kwenye jiko lililokuwa likiwaka.

Kama una ua, washa mioto miwili midogo ndani ya mabeseni ya chuma yenye miguu, yale yanayouzwa kwa ajili ya bustani, na uyatenganishe kwa hatua nne au tano ili mtu apite bila joto kumuunguza. Weka ndoo ya maji karibu na mtu mzima mmoja asiyekunywa pombe. Ukirundika kuni mapema, zihamishe upya siku yenyewe kabla ya kuwasha, kwa sababu kalunguyeye hupenda kujificha ndani ya marundo kama hayo. Usiwashe moto vilimani wala nyikani. Aprili na Mei ni wakati wa hatari kubwa ya mioto ya nyika Uskoti, maana majani makavu ya mwaka uliopita bado hayajafunikwa na mabichi. Cheche moja inaweza kuteketeza mlima pamoja na viota vya ndege. Ukitaka moto wa nje ya ua wako, omba ruhusa kwa mwenye ardhi, utafute mahali pa kokoto au mchanga, uufanye mdogo, na usiondoke mpaka majivu yashikike kwa mkono.

Wanaoishi ghorofani, na ndio wengi wetu, wasisikitike. Mishumaa miwili minene ndani ya vioo vya taa, mmoja kila upande wa mlango wa sebule, inatosha kabisa. Iwekwe mbali na mapazia, na mapito yawe mapana.

Sasa mpite. Atangulie mkubwa wa nyumba, au yule mwenye jambo zito kuliko wengine, akibeba kitu kinachosimama badala ya mali yake: ufunguo wa duka, viatu vya mtoto, mbegu, barua ya kazi. Apite kati ya mioto taratibu na aseme kwa sauti anachoomba kilindwe, kwa lugha anayootea ndoto. Hakuna maneno maalumu yaliyolazimishwa. Watu wakishapita wote, washeni taa ya jikoni kwa mshumaa uliowashwa kutoka moto ule, au jiko la gesi kwa njiti iliyoguswa humo, mpike.

Kuhusu kuruka moto: wengi huruka, na wapenzi huruka wameshikana mikono. Fanyeni hivyo moto ukiwa umebaki makaa ya chini, na aliyevaa nguo ya nailoni au kanga inayoburuta asiruke.

Chakula cha usiku huu tunakifahamu vizuri kwa sababu ya msafiri Thomas Pennant, aliyezunguka Uskoti mwaka 1769 na kuandika aliyoyaona kwa wachungaji wa nyanda za juu. Walichimba mtaro wa mraba, wakabakiza majani katikati, wakawasha moto na kupika uji mzito wa mayai, siagi, oti na maziwa. Kwanza walimwaga kidogo ardhini kama sadaka. Kisha kila mmoja alishika mkate wa oti wenye vinundu tisa juu yake. Alimega kinundu kimoja kimoja na kukitupa nyuma ya bega, kimoja kwa mlinzi wa farasi wake, kingine kwa mlinzi wa kondoo. Baada ya hapo walifanya vivyo hivyo kwa waharibifu: huyu mbweha, huyu kunguru, huyu tai, wapewe chao wawaache wanakondoo wa watu.

Napenda sana sehemu hii ya adui kupewa fungu lake. Inamtambua mbweha kama kiumbe mwenye njaa, haimgeuzi shetani. Ukifanya kwako, taja walinzi wako na wanaokula vyako kwa majina yao halisi. Kama kinachokula amani ya nyumba yako ni deni, litaje na ulitupie kinundu.

Mkate wenyewe ni rahisi. Chukua gramu 250 za unga wa oti, chumvi kidogo na magadi soda kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Changanya na kijiko kikubwa cha siagi iliyoyeyushwa, kisha ongeza maji ya moto kidogo kidogo mpaka unga ushikane bila kunata. Ukande upesi, maana ukipoa unapasuka. Sukuma uwe duara lenye unene wa kidole, halafu bandika juu yake vidonge tisa vya donge lile lile. Oka juu ya kikaango kizito kwa moto mdogo, bila mafuta, mpaka kingo zikauke na chini kuwe na rangi ya dhahabu, kisha malizia upande wa juu ndani ya oveni. Usiutarajie kuwa laini kama chapati. Huu ni mkate mkavu wa watu wa baridi, na unapendeza kwa siagi na asali. Uji wa mayai upike kama uji wa kawaida wa oti kwa maziwa, uuepue, ndipo umimine mayai yaliyopigwa huku ukikoroga haraka ili yasigande mabonge. Rudisha kwenye moto mdogo, uendelee kukoroga mpaka uwe mzito na mayai yaive, kisha tia siagi.

Huko Callander, kasisi wa parokia aliyeandika mwishoni mwa karne ya 18 alieleza mchezo mwingine. Mkate ulikatwa vipande, kimoja kikapakwa makaa, vyote vikatiwa ndani ya kofia, na kila mmoja akachomoa akiwa amefungwa macho. Aliyepata cheusi alilazimika kuruka moto mara tatu. Wengi wameona humo kumbukumbu ya kafara. Mimi nakushauri uufanye na vijana bila kuueleza sana. Wape cheusi kama heshima: atakayekipata ndiye atakayeamka wa kwanza kuita wenzake alfajiri.

Kabla ya kulala, shughulikia mlango. Ireland watu walitawanya maua ya manjano kizingitini na madirishani, kwa rangi ya moto na siagi. Uskoti walifunga vijiti viwili vya mti wa roani kwa uzi mwekundu, vikapishana, vikatundikwa juu ya mlango wa nyumba na wa zizi. Vijiti vilivyoanguka chini vinafaa. Pia utaona mti wa miiba wenye maua meupe, ule wa kwenye nyua za mashamba, ukipambwa kwa riboni na maganda ya mayai yaliyopakwa rangi. Huo ndio unaoitwa mti wa Mei. Mambo mawili hapa yanahitaji uangalifu. Kwanza, kuingiza maua yake ndani ya nyumba kunahesabiwa mkosi na watu wengi, hata wasio Wapagani, na mti huo ukisimama peke yake shambani Ireland, usiukate wala usiuvunje tawi. Wenye imani watakasirika, na wana haki. Pili, usishangae kuukuta bado haujachanua. Mwaka 1752 Uingereza na Ireland ziliruka siku 11 ili kulingana na kalenda mpya, kwa hiyo Mei Mosi ya sasa huja mapema kuliko ile ya mababu. Wapo Wapagani ambao kwa sababu hiyo hawafuati tarehe kabisa, hungoja ua la kwanza la mti huo lifunguke. Nawaunga mkono, na kama ratiba yako inaruhusu, fanya kama wao.

Jambo jingine la adabu: siku ya Mei Mosi, katika vijiji vya zamani, hakuna aliyekubali kutoa moto, maziwa wala siagi nje ya nyumba. Iliaminika kwamba bahati ya mwaka mzima ingetoka navyo. Sisi tuliozoea kuomba kaa kwa jirani tunaweza kuona ni uchoyo. Kumbuka tu siku hiyo usiende kwa bibi wa Kiairishi kuomba maziwa ya chai.

Ukitaka umati, kuna mahali pawili pa kwenda. Edinburgh, juu ya kilima cha Calton, hufanyika tamasha la moto kila tarehe 30 Aprili. Lilianzishwa mwaka 1988 na Angus Farquhar, mwanamuziki wa kundi la Test Department, akisaidiwa na wataalamu wa mila wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Moto huwashwa, ngoma hulia, na Malkia wa Mei hutoka penye nguzo 12 za mnara wa kitaifa ambao ujenzi wake ulikwama mwaka 1829 kwa kukosa fedha. Huzunguka kilima na maandamano yake, akifuatwa na Mtu wa Kijani, ambaye huuawa na kuzaliwa upya akiwa amevua baridi yote. Wachezaji wekundu, karibu uchi na waliojipaka rangi mwili mzima, huruka gizani na mienge. Mzazi anayeona haya ayajue hayo mapema. Tiketi zinunuliwe kabla. Vaa nguo za kukinga baridi na mvua, kwa sababu upepo wa kilima kile usiku huo huwa wa kipupwe kabisa. Viatu viwe vya matope.

Pa pili ni kilima cha Uisneach, wilaya ya Westmeath, kinachohesabiwa tangu kale kuwa kitovu cha Ireland. Moto wake ulifufuliwa mwaka 2009, na mwaka 2017 uliwashwa na Rais Michael D. Higgins. Mara nyingi sherehe yake huwekwa mwishoni mwa wiki, mapema Mei, kwa hiyo thibitisha tarehe kabla ya kukata tiketi ya basi. Kati ya hayo mawili ningekupeleka Uisneach kwanza. Edinburgh ni sanaa kubwa ya kutazamwa. Uisneach unasimama kwenye ardhi yenye malisho, na unaelewa kwa nini moto uliwashwa hapo.

Mwislamu au Mkristo aliyealikwa na rafiki anaweza kufika, kula mkate, kushika ndoo ya maji, na kusimama nje ya duara wakati wa dua. Mwambie mwenyeji mapema, kwa upole, kipi utashiriki na kipi hutashiriki. Wapagani wengi niliowasikia wakizungumzia jambo hili huthamini ukweli huo kuliko mgeni anayejilazimisha. Usipige picha za watu wakiwa kwenye tambiko bila idhini. Wapo ambao ndugu zao au waajiri wao hawajui imani yao.

Alfajiri inayofuata ni ya umande. Jua huchomoza Edinburgh kama saa kumi na moja na nusu, na mpaka leo watu hupanda kilima cha Arthur's Seat, chenye urefu wa meta 251, kunawa uso kwa umande wa Mei Mosi. Wasichana walifanya hivyo wakitafuta uzuri wa mwaka mzima. Huna haja ya kilima. Bustani ya umma yenye nyasi ndefu inatosha, mahali ambapo mbwa hawapitishwi. Pitisha viganja juu ya nyasi, upake uso, shingo na vifundo vya mikono, usijifute.

Wengine siku hiyo huenda kwenye chemchemi, kama ile ya Munlochy kaskazini mwa Uskoti, na kufunga kitambaa mtini kwa ajili ya mgonjwa. Imani ni kwamba kitambaa kikioza, ugonjwa nao huondoka. Kwa hiyo kiwe pamba au sufu tupu, kipande chembamba kilichochanwa kwenye nguo ya mgonjwa mwenyewe, kifungwe kwa kulegea. Kitambaa cha plastiki hakiozi, hukaba tawi, na kwa mantiki ya imani yenyewe kinamfungia mgonjwa maradhi yake. Ukivikuta vya namna hiyo usivifungue wewe, kwa kuwa huaminika kwamba anayekigusa huchukua ugonjwa ule. Waachie wanaotunza mahali hapo.

Majivu ya mioto yakishapoa kabisa, yagawe. Wafugaji waliyanyunyizia mimea na mifugo. Kiasi cha konzi mbili kinafaa bustani ya mboga, mbali na viazi na mimea inayopenda udongo wenye tindikali. Bakiza kidogo kwenye kopo kavu lenye mfuniko, uandike mwaka juu yake, na ulitie chini ya kuni za kwanza za Samhain tarehe 31 Oktoba jioni.